Baba anakuja Uingereza na London ameshaiona: nimpeleke mji gani wa kale?

SWALI: Naishi Leicester na familia yangu. Baba yangu, mwalimu mstaafu wa historia kutoka Pangani, anakuja kukaa nasi wiki tatu mwezi wa Agosti. London aliiona safari iliyopita na ilimchosha. Cambridge tulimpeleka, akasema watu ni wengi kuliko majengo. Ana miaka 72, goti linamsumbua, hawezi kutembea kutwa. Anataka kuona mji wa kale hasa, uliojengwa na watu wa kazi na biashara, si makasri matupu. Kuna mji gani ambao watalii wanaupita tu, lakini una historia ya kumtosha mwalimu?

JIBU: Dada yangu, mpeleke Mwalimu King's Lynn. Nimewatembeza wageni katika bandari za mashariki ya Uingereza miaka mingi, na nilipofika kwenye neno Pangani katika swali lako nilikuwa nimeshapata jibu.

Lynn, kama wenyeji wanavyouita kwa mkato, uko Norfolk, ukingoni mwa mto Great Ouse, kilomita chache kabla mto haujamwaga maji yake katika ghuba pana iitwayo Wash. Ni mji wa mdomo wa mto, wenye ng'ambo yake, na wenye harufu ya matope maji yakitoka. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Katika karne ya 13 na ya 14 Lynn ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za Uingereza. Mito inayokutana hapo ndiyo iliyokuwa barabara ya mizigo ya nchi ya ndani: sufu, nafaka na chumvi vilishuka, na samaki mkavu, mbao, lami, ngozi za manyoya na mvinyo vikapanda. Reli ilipofika katika miaka ya 1840, mizigo ikahama majini, na taratibu mji ukabaki na maghala yake.

Kwa nini watu wanaupita? Wengine wanashukia Cambridge na hawafiki mwisho wa reli, ambao ndio Lynn yenyewe. Wengine wanaenda ufukweni Hunstanton na gari linazungukia nje ya mji. Na wale wachache wanaoshuka kituoni wanafuata umati hadi kwenye mitaa ya maduka, ambako majengo mengi ya zamani yalibomolewa miaka ya 1960 na 1970, wanakula chipsi, wanaona hakuna cha ajabu, wanarudi. Nami mara yangu ya kwanza nilifanya kosa hilohilo. Nilikaa saa mbili, nikaondoka bila hata kuuona mto. Nilirudi mwaka uliofuata kwa sababu ya mzee mmoja niliyekutana naye ndani ya treni, aliyeniambia, "Lynn haitazamwi kutoka kituoni, inatazamwa kutoka majini." Tangu siku hiyo sijamwanzishia mgeni safari mahali pengine.

Kwa hiyo, kabla hujakata tiketi ya treni, tafuta jedwali la maji la King's Lynn. Maji ya Wash hupanda na kushuka kwa nguvu sana. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita meta 6, wakati kwetu pwani ya Afrika Mashariki ni karibu meta 4. Ukifika maji yamekupwa kabisa utaona mfereji wa matope ya kijivu na mashua zimelala ubavu. Ukifika maji yanajaa utaona mto unageuka na kurudi nyuma, unapanda ukuta wa gati, na hapo utaelewa kwa nini kila nyumba ya maana ya mji huu imejengwa ikiuelekea mto. Ukiweza, chagua siku iliyo karibu na mwezi mchanga au mwezi mpevu. Mwalimu anajua kwamba kwao bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Lynn si hivyo. Hapo bamvua hujaa asubuhi, na tena jioni, na Agosti mwanga upo hadi saa mbili na zaidi za usiku, hivyo mtaiona vizuri.

Safari yenyewe ni nyepesi. Kutoka Leicester pandeni treni iendayo Stansted Airport, mshuke Ely, mbadilishe hapo mara moja tu. Ely hadi Lynn ni kama nusu saa. Mwambie Mwalimu akae dirishani kuanzia Ely, kwa sababu kile kitakachopita nje ni somo la historia kwa haki yake: nchi iliyonyooka kama meza, mifereji iliyochorwa kwa rula, udongo mweusi kama makaa. Ilikuwa kinamasi hiyo, na katika karne ya 17 matajiri walimwita mhandisi Mholanzi, Cornelius Vermuyden, aje kuikausha. Wavuvi na wawindaji wa ndege waliokuwa wakiishi humo walipigana kuzuia kazi hiyo, wakabomoa kingo usiku, na mwishowe wakashindwa.

Mkifika, msitembee kutoka kituoni. Si mbali, ila goti lisianze kuchoka kwenye maduka. Chukueni teksi pale nje na mwambie dereva awashushe Saturday Market Place. Kutoka hapo hadi mwisho wa mji wa kale upande wa kaskazini hakuna hata kilomita moja, na njia yote ni tambarare. Vichochoro vichache tu vinavyoelekea mtoni ndivyo vyenye mawe ya kukwaza.

Mbele yenu litakuwa kanisa la Saint Margaret, ambalo siku hizi linaitwa King's Lynn Minster. Lilianzishwa karibu mwaka 1101 na Herbert de Losinga, askofu wa kwanza wa Norwich, aliyewapa watu soko na kanisa kati ya vihori viwili, Purfleet na Millfleet. Mji ulikuwa wa askofu, na jina lake lilikuwa Bishop's Lynn mpaka mwaka 1537, Henry VIII alipoutwaa ukawa wa mfalme. Lakini msiingie ndani haraka. Simameni nje upande wa magharibi, mtazame juu kwenye mnara.

Kuna saa mle, na si saa ya kujua umefika wakati wa chai. Pembezoni mwa duara lake, mahali pa tarakimu, pameandikwa herufi 12 za maneno LYNN HIGH TIDE, yaani maji kujaa Lynn. Mahali pa mshale kuna joka wa kijani, na ulimi wake ndio unaoonyesha. Katikati kuna tundu linaloonyesha umbo la mwezi wa siku hiyo. Aliyeitengeneza kwanza ni fundi saa Thomas Tue, mwaka 1683. Joka halizunguki kwa siku moja. Linazunguka mara moja kwa mwezi wa mbinguni, siku 29 na nusu. Maji kila siku huchelewa kama dakika 50, na ukizijumlisha dakika hizo kwa mwezi mzima unapata saa 24 kamili. Basi herufi 12 zinagawana saa 24, kila herufi saa mbili, na ulimi wa joka ulipo ndipo bahari itakapojaa. Nahodha aliyesimama sokoni, hata asiyejua kusoma, aliinua macho akajua atang'oa nanga lini. Nimesimama na wageni wa kila aina chini ya saa hiyo. Wanaoielewa mara moja ni watu wa pwani, kwa sababu tangu utotoni wamehesabu siku za mwezi ili wajue maji. Mwacheni Mwalimu aieleze mwenyewe kwa wajukuu. Hapo ndipo utakapoona safari imelipa.

Sasa shusheni macho kwenye mlango wa magharibi wa kanisa hilohilo. Ukutani kuna alama zilizochongwa, kila moja na mwaka wake, zinazoonyesha mafuriko yalifika wapi. Tafuteni 1953, 1978 na 2013. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba ya kaskazini ilisukuma bahari ikavunja kingo za pwani ya mashariki. Watu 307 walikufa upande wa England, na 15 kati yao walikuwa wa Lynn. Saa ya juu na alama za chini zimekaa kwenye ukuta mmoja, na mimi siwezi kumwonyesha mgeni moja nikaacha nyingine.

Ndani ya kanisa nendeni kwenye mabamba mawili makubwa ya shaba. Moja ni la Adam de Walsoken, aliyekufa mwaka 1349, mwaka wa tauni kuu. La pili ni la Robert Braunche, mfanyabiashara na meya, aliyekufa mwaka 1364. Ni miongoni mwa mabamba makubwa kabisa ya aina hiyo Uingereza, na yalitengenezwa Flanders ng'ambo ya bahari, jambo ambalo peke yake linakuambia pesa za mji zilikuwa zinatoka wapi. Braunche amesimama kati ya wake zake wawili, aliowaoa kwa kufuatana. Chini ya miguu yao kuna karamu ndefu imechorwa, meza imejaa watu, na tausi wanaletwa kwenye sinia. Inamishieni taa ya simu kwa pembeni, si moja kwa moja, na mistari itajitokeza: vidole, visu, wapiga muziki. Hakuna mfalme aliyezikwa hapo. Ni mchuuzi wa mji aliyetaka akumbukwe kwa chakula alichoandaa.

Mkitoka, ng'ambo ya uwanja kuna jengo lenye ukuta wa mirabaraba ya mawe meupe na meusi kama ubao wa drafti. Hilo ni Trinity Guildhall, ukumbi wa chama cha wafanyabiashara, lililojengwa miaka ya 1420. Siku hizi ni sehemu ya makumbusho ya Stories of Lynn, pamoja na vyumba vya gereza la zamani. Piga simu mapema uulize kuhusu ngazi na siku za kufungua, kwa sababu ndani kuna kitu ambacho Mwalimu hapaswi kukikosa: kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu, kimezungushiwa picha za enameli za wanaume na wanawake waliovaa nguo za fahari za wakati wao, pamoja na mbwa na ndege wa kuwindia. Kinaitwa King John Cup. Kilitengenezwa karibu mwaka 1340, na mfalme John alikufa mwaka 1216. Jina limepachikwa baadaye, na kwa mwalimu wa historia hilo ni utamu zaidi kuliko kama lingekuwa kweli. Miaka michache tu kabla ya fundi kukaa na enameli hiyo, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alikuwa Kilwa, mji ambao baadaye alisimulia sifa zake.

John hakuunganishwa na mji huu bure. Mwaka 1204 aliupa hati ya kujitawala, na Oktoba 1216, akiwa vitani na makabaila wake, aliondoka Lynn kuelekea kaskazini. Mizigo yake ilikata njia ya mkato kuvuka matope ya Wash, na maji na mchanga laini vikaimeza. Siku chache baadaye mfalme akafa Newark. Watu bado wanaitafuta hazina hiyo. Ila waandishi wawili wa zama zile hawakubaliani: Ralph wa Coggeshall anataja hasara ya kiasi, vyombo vya kanisa la mfalme na baadhi ya farasi wa mizigo, Roger wa Wendover, aliyeandika baadaye, anazamisha kila kitu, magari, mali na watu. Mpe Mwalimu simulizi hizo mbili wakati wa chai uone jioni itakavyokwenda. Na kwa sababu hiyohiyo, wajukuu wasikanyage matope ya mto hata yakionekana makavu.

Kutoka Guildhall ingieni Saint Margaret's Lane, uchochoro unaoelekea mtoni. Kulia na kushoto msitazame madirisha, tazameni urefu wa nyumba. Mkono mmoja kuna Hanse House, maghala mawili marefu yaliyolala sambamba, na ua mwembamba katikati. Hansa ulikuwa muungano wa miji ya wafanyabiashara wa Kijerumani, Lübeck, Hamburg, Danzig na mingine, ulioshika biashara ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini kwa karne kadhaa bila kuwa na mfalme wala nchi. Walipigana na Waingereza baharini, wakapatana kwa mkataba wa Utrecht mwaka 1474, na miongoni mwa waliyopewa ni nafasi ya kujenga hapa. Ghala likasimama karibu mwaka 1475. Walikuwa na makao kama hayo London na Boston ya hapahapa Uingereza pia. Yote mawili yametoweka. Hili la Lynn ndilo pekee la Hansa lililobaki wima katika Uingereza nzima, na Wajerumani hawakuliuza mpaka mwaka 1751.

Kwa nini nasisitiza urefu? Kwa sababu hiyo ndiyo siri ya ramani ya mji. Mfanyabiashara wa Lynn aliweka nyumba yake ya heshima barabarani, ofisi yake nyuma ya mlango, halafu maghala yakafuatana kama mabehewa mpaka majini. Mto nao ulikuwa unasogea mbali, na watu wakawa wanaufuata, wanajaza kingo kwa taka na mawe na kujenga juu yake. Baadhi ya nyumba za King Street zilizo mbali na maji leo zimekaa pale ulipokuwa ukingo wa mto zamani. Mkipita Nelson Street chungulieni ndani ya ua wa Hampton Court, ambao hauna uhusiano na kasri la London lenye jina hilo, muone jinsi makazi, duka na ghala vilivyozungushwa pamoja. Watu waliishi juu ya mali yao.

Uchochoro utawatoa South Quay, na hapo mpumzike. Kuna mabenchi, na kuna ghala la karne ya 16 lililogeuzwa mkahawa. Mkipata kamba wadogo wa kahawia wa Wash, waagizeni; ndio chakula cha hapa hasa. Ng'ambo mtaona West Lynn. Watu wamevushwa kwa mashua kati ya kingo hizo tangu mwaka 1285, ingawa huduma husimama mara kwa mara, kwa hiyo isiwe ndiyo nguzo ya siku yenu.

Mkiendelea kaskazini kando ya mto mtafika Purfleet, kihori kimojawapo kati ya vile viwili, na juu yake Custom House, yaani nyumba ya forodha. Ni jengo dogo, la mraba, lenye paa la mteremko na kijumba cha juu chenye madirisha, na sijui jengo jingine Uingereza lililokaa mahali pake vizuri namna ile. Lilichorwa na Henry Bell, msanifu aliyekuwa pia meya wa mji, mwaka 1683, mwaka uleule wa saa ya maji. Mwanzoni lilikuwa ukumbi wa wafanyabiashara wa kukutania na kupatana bei. Ushuru ulihamia baadaye. Pembeni yake kuna sanamu ya George Vancouver, mtoto wa ofisa wa forodha wa Lynn, aliyezaliwa mwaka 1757. Akiwa kijana alisafiri na James Cook, kisha mwenyewe akapima pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini katika safari ya miaka ya 1791 hadi 1795. Jiji la Vancouver kule Kanada lina jina lake. Nampenda pale alipo, kwa sababu unaweza kuona mtoto wa forodha alijifunzia wapi kupenda ramani.

Kuanzia hapo pimeni goti. Kama limechoka, King Street ipiteni polepole na mtosheke. Humo kuna Saint George's Guildhall, ukumbi wa chama mkubwa kuliko yote ya zama za kati iliyobaki England, wa mwanzo wa karne ya 15. Mwaka 1593 mji ulilipa kundi la waigizaji la Earl wa Pembroke, na wapo wanaoamini Shakespeare alikuwa mmoja wao. Mwaka 2023 zilifichuliwa chini ya sakafu mbao za karne ya 15, na habari ikaenea kwamba ndizo alizokanyaga. Inawezekana, haijathibitishwa, na Mwalimu atajua kutofautisha. Jengo limepangiwa ukarabati mkubwa, basi ulizeni kabla ya kwenda.

King Street inaishia Tuesday Market Place, uwanja mpana wenye nyumba nzuri pande zote, ambao kwa masikitiko yangu siku nyingi umejaa magari yaliyoegeshwa. Mji una masoko mawili yenye majina ya siku kwa sababu ulikuwa miji miwili: ule wa askofu wa kwanza kusini, na mpya ulioongezwa kaskazini katikati ya karne ya 12, mpaka hati ya 1204 ilipoifanya mmoja. Kila tarehe 14 Februari hapa huanza maonyesho ya Mart yenye bembea na farasi wa mbao. Bembea za mvuke zilizoenea ulimwenguni zilikuzwa na fundi wa mji huu, Frederick Savage, katika karne ya 19.

Kama goti bado lina nguvu, ongezeni dakika tano mfike kanisa la Saint Nicholas, lenye malaika wa mbao waliokaa juu ya dari miaka 600. Karibu yake ni True's Yard, makumbusho ya wavuvi wa North End, ambapo vibanda viwili vya mwisho vya mtaa mzima uliobomolewa vimehifadhiwa. Ni vidogo kiasi cha kumshangaza mtu: chumba chini, chumba juu, na ndani yake familia kubwa. Baba yako ameomba mji wa watu wa kazi. Hao ndio. Wafanyabiashara walichonga majina yao kwenye shaba. Wavuvi wamebakiza sweta zilizofumwa na wake zao na picha chache.

Na lipo jambo ambalo sitaki muambiwe na mwingine kwa kunong'ona. Mwanzoni mwa mwaka 1190, wakati jeshi la msalaba likijiandaa, Wayahudi wa Lynn walishambuliwa na kuuawa, na nyumba zao zikachomwa. Miji mingine ya England ilifuata. Utajiri wa mji ule umebeba na hilo pia, na mwalimu wa historia atataka kulijua.

Naongeza mwanamke mmoja, kwa ajili yako wewe dada. Margery Kempe alizaliwa Lynn karibu mwaka 1373, binti wa meya. Alizaa watoto 14, akaendesha biashara ya pombe ikamshinda, kisha akaanza kulia kanisani kwa sauti kubwa kwa mapenzi ya Mungu mpaka watu wakamchoka. Alihiji Yerusalemu. Hakujua kuandika, basi akasimulia maisha yake yakaandikwa, na maandishi hayo yanahesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza katika Kiingereza. Yalipotea karne nyingi, yakaonekana tena mwaka 1934. Kanisa aliloliliamo ni lilelile lenye saa ya joka.

Mkiwa na siku ya pili, Lynn Museum iko jirani na kituo cha mabasi na ndani yake kuna Seahenge: duara la nguzo 55 za mwaloni lenye kisiki kilichopinduliwa katikati, mizizi juu, lililoibuliwa na mawimbi ufukweni Holme mwaka 1998. Wataalamu walihesabu miduara ya mti wakapata mwaka ulipokatwa, 2049 kabla ya Kristo. Kwa goti la mzee ni ziara rahisi kabisa.

Au pandeni basi hadi Sandringham, kilomita kumi na kitu kaskazini, nyumba ya mashambani ya wafalme. Najua ulisema si makasri. Lakini George VI alifia humo, alfajiri ya tarehe 6 Februari 1952, na binti yake Elizabeth alikuwa Kenya. Usiku ule alilala Treetops, juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Habari ilimfikia Sagana, karibu na Nyeri. Akaruka kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akachelewa hapo kwa dhoruba ya radi, ndipo akaelekea London. Wakati huo jeneza la baba yake likisubiri Sandringham kupelekwa London kwa reli ya hapa. Miaka ya uzee wake, malkia huyohuyo alikuwa akija Lynn kwa treni ya kawaida ya abiria karibu na Krismasi, akashuka kwenye kituo mtakachoshukia nyinyi. Mwalimu huenda alikuwa bado hajazaliwa alfajiri ile ya 1952, lakini wazee wake wa Pangani waliisikia.

Usijaze yote haya siku moja. Kama ni siku moja tu, chukueni kanisa, kikombe, Hanse House, South Quay na Custom House, na chakula cha mchana katikati, basi. Epukeni Jumatatu, kwa sababu nimewahi kupeleka kundi zima siku hiyo tukakuta mlango baada ya mlango umefungwa. Fikeni saa tano asubuhi, na rudini South Quay jioni maji yanapokaribia kujaa, mkae benchi linalotazama West Lynn. Ulizeni mapema treni ya mwisho ya kuunganisha Ely. Na mbebee Mwalimu sweta hata kama Leicester mmeondoka na jua, maana upepo wa Wash jioni haujui kama ni Agosti.